Mkato mmoja si ubongo: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mafunzo endelevu ya tiba

Kwa: Wasimamizi wa mafunzo endelevu ya madaktari na matabibu
Nakala: Waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa, wakuu wa vitengo vya dharura na radiolojia

YAH: KOZI YA MTANDAONI YA KUSOMA CT YA UBONGO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii ilianza kama maoni ya ndani. Tuliyatuma mara mbili kwa utaratibu wa kawaida, na mara zote mbili tukajibiwa kwamba "yamepokelewa na yanafanyiwa kazi". Kozi imeshafunguliwa tena kwa awamu mpya. Slaidi ni zile zile, mishale ni ile ile. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Kwanza tukubaliane mwanafunzi wa kozi hii ni nani. Mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata mwaka 2021 ulisaidia kufikisha mashine za CT (hupiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, kipande kwa kipande, na kila kipande ndicho tunachokiita mkato) kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kushukuru. Mabingwa wa radiolojia hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo saa nane za usiku, anayeifungua picha kwa mara ya kwanza ni daktari tarajali au tabibu aliye zamu. Hatudai awe bingwa. Tunataka aone mambo machache yanayoua ndani ya saa chache, na ajue ni lini amwamshe mkubwa wake. Kozi yenu, kama ilivyo sasa, haimfikishi hapo, na sababu ni hizi.

1. Mnafundisha kwa mkato mmoja, na mkato mmoja si kipimo.

CT ya ubongo ikipigwa kwa mikato ya milimita 5 hutoa mikato 30 hivi. Kila mkato una nukta 512 kwa 512, na kila nukta imebeba namba: hewa −1000, mafuta karibu −100, maji 0, ubongo mweupe 25 hadi 30, ubongo wa kijivu 35 hadi 40, damu mpya iliyoganda 60 hadi 80, mfupa mgumu 1000 na zaidi. Hivyo ni vipimo vya Hounsfield, kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mnamo Oktoba 1971. Jicho la binadamu haliwezi kutenganisha namba zote hizo kwa wakati mmoja, kwa hiyo msomaji huchagua "dirisha": sehemu ya namba anazotaka zigawanywe kuanzia weusi hadi weupe.

Picha zilizomo kwenye slaidi zenu zilinakiliwa kutoka kwenye skrini na kuhifadhiwa kama JPEG. Hapo namba zimeshakufa. Zimebaki ngazi 256 za weupe, kwa dirisha moja alilolichagua mtengeneza slaidi. Tazameni kinachopotea.

Dirisha la kawaida la ubongo lina upana 80 na kitovu 40, yaani linaanzia 0 na kuishia 80. Damu nyembamba yenye kipimo cha 70, ikilala kandokando ya fuvu, inakaribia weupe wa mfupa na kujificha ndani yake. Fungua upana hadi 200, weka kitovu 75: damu ile ile inakuwa ya kijivu cha katikati, mfupa unabaki mweupe, na mpaka kati yao unaonekana. Kwa kiharusi unafanya kinyume, unabana. Tofauti ya vipimo 8 kati ya ubongo wa kijivu na mweupe ni asilimia 10 tu ya ngazi nzima kwenye dirisha la upana 80. Bana hadi 40, inakuwa asilimia 20, na hapo ndipo mwanafunzi anaanza kuona kwamba utepe wa kijivu wa insula (sehemu ya ubongo iliyojikunja ndani, upande wa pembeni) upande mmoja umefutika. Kwa ufa wa fuvu anahitaji upana wa 2000 au zaidi, kitovu 600, tena kwa faili lililochakatwa kwa ajili ya mfupa. Kwenye JPEG yote hayo hayawezekani. Mnamfundisha mtu kupika kwa kumwonyesha picha ya sahani.

Halafu kuna kupanda na kushuka. Weupe unaoonekana juu ya tundu la jicho mara nyingi ni paa la mfupa lililoingia nusu kwenye mkato. Ukishuka mkato mmoja unaungana na mfupa, shaka inaisha. Mshipa wa damu huendelea mkato hadi mkato. Damu iliyo juu kabisa ndani ya fuvu, au inayofuata hema la ubongo mdogo (utando uliotanda juu yake), huonekana vibaya kwenye mikato ya mlalo na huhitaji picha zilizopangwa upya kwa wima. Mwanafunzi ambaye kidole chake hakijazoea kuviringisha mikato juu na chini atachoka mbele ya kompyuta ya hospitali kabla hajaanza kusoma.

2. Jibu linatangulia swali.

Kichwa cha slaidi kinasema "Damu nje ya dura", yaani nje ya utando mgumu unaofunika ubongo. Chini yake kuna picha, na mshale mwekundu. Mwanafunzi anaitikia kwa kichwa na kwenda slaidi inayofuata. Alichojifunza ni kuufuata mshale.

Kesi inayofundisha huanza na yale tu yaliyoandikwa kwenye fomu ya ombi la kipimo: mwanamume, miaka 28, ajali ya bodaboda saa tatu zilizopita, GCS (alama ya kiwango cha fahamu, kati ya 3 na 15) ni 13. Kisha mikato yote, bila kichwa cha habari na bila mshale. Mwanafunzi apitie mara moja bila kusimama, ili apate sura ya jumla na aone kama pande mbili zinafanana. Mara ya pili afuate mpangilio wa vituo vitano: damu, sisterna (mabwawa ya majimaji chini ya ubongo), ubongo wenyewe, ventrikali (vyumba vya majimaji ndani ya ubongo), mfupa. Aweke alama mahali anapotilia shaka. Aandike sentensi moja. Achague uamuzi: upasuaji sasa hivi, kurudia kipimo baada ya saa kadhaa, au kuendelea na uangalizi. Aseme ana uhakika kiasi gani. Akishabofya "tuma", na si kabla, jibu lifunguke.

Vituo vitano vina sababu. Jicho likishiba huacha kutafuta. Anayeona ufa mkubwa wa fuvu upande wa kulia hujipongeza na kufunga faili, wakati mchubuko wa ubongo uko upande wa pili, kwenye ncha ya ndewe ya pembeni ya ubongo (temporal) ya kushoto, mahali ubongo ulipogonga mfupa. Mpangilio humlazimisha kurudi. Ndiyo maana sisterna zimewekwa kituo cha pili: zikiwa zimebanwa au zimefutika, ubongo unakaribia kushuka, hata kama hujaelewa bado chanzo chake. Na damu ya sabaraknoidi (iliyovuja kwenye majimaji yanayozunguka ubongo) ikiwa kidogo hukaa humo humo, kwenye bwawa dogo mbele ya shina la ubongo, au hutuama kwenye pembe za nyuma za ventrikali kama mashapo.

3. Kwenye kozi yenu kila mgonjwa ana ugonjwa.

Kesi arobaini, magonjwa arobaini. Mwanafunzi anajua kabla hajafungua kwamba kuna kitu, kwa hiyo anatafuta mpaka apate. Kwenye zamu atakutana na picha nyingi zisizo na jambo la dharura, na kosa lake la kwanza litakuwa kubuni ugonjwa. Tezi ya pineali iliyojaa chokaa ataiita damu. Chokaa ya koroidi (tishu inayotengeneza majimaji ya ubongo) kwenye ventrikali, pande zote mbili, ataiita damu. Basali ganglia (viini vya kijivu vilivyo ndani kabisa ya ubongo) zenye chokaa linganifu kwa mtu mzima ataziita kiharusi cha damu, ilhali angeweka duara dogo la kupimia juu ya weupe ule angeona namba imepita 100, nayo damu iliyoganda kwa kawaida haifiki huko. Michirizi myeusi inayokatisha shina la ubongo kati ya mifupa miwili ya masikio ataiita kiharusi cha poni (sehemu ya katikati ya shina hilo). Ni mionzi tu iliyodhoofika kupita kwenye mfupa mnene. Maungio ya fuvu ataita ufa, ingawa maungio yana meno na kingo zilizofifia, na ufa mpya hukata kwa mstari mkali.

Kila kosa la namna hii ni rufaa ya usiku, gari la wagonjwa, na nafasi ya kitanda iliyochukuliwa bure. Tunashauri theluthi moja ya kesi ziwe za kawaida au zenye vidanganyifu hivi, zichanganywe bila kutangazwa. Hili peke yake lingebadili kozi yenu kuliko slaidi mpya mia moja.

4. Kesi si za wagonjwa tunaowaona.

Hatuna ugomvi na maktaba za nje. Radiopaedia, iliyoanzishwa mwaka 2005 na daktari wa radiolojia ya ubongo Frank Gaillard wa Melbourne, ina maelfu ya kesi unazoweza kuzipitia mkato kwa mkato, ina namna ya kuficha jibu, na hutoa kozi zake bure kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Itumieni, kwa kufuata masharti ya leseni yake, badala ya kuchukua mkato mmoja kutoka humo na kuubandika kwenye slaidi bila kutaja ulikotoka.

Lakini mgonjwa wa Mbulu au wa nyanda za juu kusini anayeletwa kwa degedege la kwanza ukubwani anaweza kuwa na mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Mwanafunzi anatakiwa azione hatua zake zote nne: kifuko chenye maji na kitone ndani yake, kifuko kilichovimba na kuzungukwa na uvimbe wa ubongo, kinundu kinachosinyaa, na mwisho punje ya chokaa. Mgonjwa wa VVU mwenye uvimbe kwenye basali ganglia anahitaji msomaji anayefikiria toksoplazma na kujua kwamba pete nyeupe inayouzunguka uvimbe huo haitaonekana bila dawa ya kung'arisha picha. Mtoto mwenye homa ya wiki tatu na ventrikali zinazopanuka anahitaji msomaji anayefikiria kifua kikuu cha utando wa ubongo. Mtoto wa selimundu mwenye mkono uliolegea naye yumo kwenye orodha hiyo.

Na kuna jambo moja ambalo hatujaliona kwenye slaidi yoyote ya kozi hii, ingawa hapa kwetu ni la kila wiki: damu hung'aa kwenye CT kwa sababu ya hemoglobini. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kutokana na malaria au selimundu au uzazi, akivuja damu chini ya dura leo hii, damu hiyo inaweza kuwa na rangi sawa na ubongo. Hakuna umbo jeupe la mwezi mwandamo la kuonyesha kwa mshale. Dalili ni za pembeni: mifereji ya ubongo haifiki kwenye fuvu, mpaka wa kijivu na mweupe umesukumwa ndani, mstari wa katikati umehama bila sababu inayoonekana. Hali hiyo hiyo hutokea kwa damu ya wiki moja hadi tatu kwa mtu yeyote, inapopita kutoka weupe kwenda weusi. Kesi tano za aina hii, zenye mikato kamili, ni lazima ziwepo.

5. Mtihani unauliza jina, zamu inauliza uamuzi.

Maswali yenu ya mwisho yana majibu manne, na lililo sahihi ni jina la ugonjwa. Mwanafunzi akipata asilimia 60 anapewa cheti na pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma). Hakuna anayeulizwa kupima. Basi muulizeni hivi: donge la damu nje ya dura lina urefu wa sentimita 5, upana wa 4, na linaonekana kwenye mikato 6 ya milimita 5, yaani kimo cha sentimita 3. Zidisha, gawa kwa mbili: mililita 30. Kwa miongozo ya upasuaji wa majeraha ya kichwa, donge la nje ya dura linalozidi hapo hutolewa hata kama mgonjwa bado anaongea. Kwa damu kali ya chini ya dura, unene unaozidi milimita 10 au mstari wa katikati uliohama zaidi ya milimita 5 hupeleka mgonjwa upasuaji. Hizi ndizo namba atakazoulizwa kwenye simu na daktari wa upasuaji.

Matokeo nayo yagawanywe kwa aina ya kosa. Asiyeona kitu, aliyekiona akakipa jina baya, na aliyeita ugonjwa usiokuwepo wanahitaji masahihisho tofauti, nanyi mnawapa wote alama moja ya jumla.

6. Siri ya mgonjwa.

Kwa kuwa kozi haina kesi za hapa, wanafunzi wamejitengenezea zao: wanapiga picha skrini ya kompyuta kwa simu na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, jina la mgonjwa likisomeka kwenye kona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha hizo. Kufuta jina kwenye kona hakutoshi: faili la DICOM (muundo wa faili ambao mashine za hospitali huhifadhia picha) limebeba jina, namba ya jalada na tarehe ya kuzaliwa kwenye taarifa zake za ndani, na mikato myembamba ikiunganishwa inaweza kuchora upya uso wa mgonjwa. Usafishaji ufanywe na mtu mmoja aliyefundishwa, kwa programu, kabla faili halijatoka hospitalini, kisha mtu wa pili afungue na kukagua. Kwa mikato myembamba, uso ukatwe.

Tunajua mtakachojibu, kwa sababu tumekwisha kukisikia.

Mtasema intaneti ni ghali na kesi kamili ni nzito. Tupige hesabu. Mkato mmoja ni nukta 512 kwa 512 kwa baiti mbili, nusu megabaiti. Mikato 30 ni megabaiti 15, kabla hata ya kubanwa. Video ya mhadhara wenu wa saa moja, kwa kasi ndogo ya kilobiti 500 kwa sekunde, inakula megabaiti 225. Bando la mhadhara mmoja linapakua kesi 15 kamili. Tena kesi iliyokwisha kupakuliwa haihitaji mtandao: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, video zilikwama nchini kote, wakati faili lililoko kwenye kompyuta lingefunguka kama kawaida.

Mtasema programu za kusomea ni za kulipia. Weasis ni ya bure. Orthanc, seva ya kuhifadhi picha hizi, ni ya bure pia na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Kinachokosekana ni mtu wa kuiwasha na kuitunza, na huyo anaweza kuwa fundi mmoja wa TEHAMA kwa siku chache za mwezi.

Mtasema mabingwa ni wachache na hawana muda wa kusahihisha. Ni kweli, na ndiyo sababu tunataka muda wao utumike mara moja tu, kuandika jibu zuri la kesi, kuliko kurudia mhadhara ule ule kila awamu. Jibu lililoandikwa vizuri, lenye alama juu ya mikato husika na maelezo ya kila kidanganyifu, linasahihisha wanafunzi elfu.

Mtasema siku hizi picha zinatumwa kwa msomaji wa mbali, na punde kompyuta itasoma yenyewe. Na iwe hivyo. Anayesubiri majibu ya mbali bado ndiye aliye kando ya kitanda, na programu ikikosea ni yeye atakayeikubalia au kuikatalia.

Kwa hiyo tunaomba:

Kwanza, awamu ijayo isifunguliwe kwa slaidi za sasa. Pili, ianzishwe hazina ya kesi 120 zenye mikato kamili, kesi 10 kwa wiki kwa wiki 12, theluthi moja zikiwa za kawaida au za vidanganyifu, na angalau nusu ya zenye ugonjwa zitoke hospitali za hapa nchini, kila moja ikiwa na jibu lililothibitishwa kwa upasuaji, kipimo cha marudio au mwenendo wa mgonjwa, si kwa maoni ya mtu mmoja. Tatu, kesi alizokosea mwanafunzi zimrudie baada ya wiki moja na tena baada ya mwezi, zikiwa zimechanganywa na mpya. Nne, cheti kitolewe kwa kesi alizosoma na uamuzi aliofanya, si kwa saa alizoacha video ikicheza. Tano, uwepo utaratibu ulioandikwa wa kusafisha faili, na anayewajibika ajulikane kwa cheo chake.

Wiki mbili za kwanza, kesi 20, tumekwisha kuziandaa: zimesafishwa, zimekaguliwa na watu wawili, na majibu yameandikwa kwa Kiswahili. Tutazikabidhi bila malipo siku mtakapotuita. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja hoja zipi mmezikubali, zipi mmezikataa na kwa sababu gani.

Wenu katika kazi,

Kikundi cha wasomaji na wapigaji wa picha za ubongo, pamoja na madaktari wa vitengo vya dharura